Mbuzi wa Watu Arobaini na Wawili

Nikifungua gunia la chumvi ya mawe, kiganja changu cha kulia huanza kuniwasha. Wanangu hunicheka. Wanasema mama yao ni mtu pekee mjini anayejikuna kwa kuona chumvi, na mimi huwaacha wacheke, maana kisa chenyewe ni kirefu na wao siku zote wana haraka. Nyinyi mmeketi kusoma, kwa hiyo nadhani mna nafasi. Kinachoniwasha ni ulimi wa mbuzi, ulimi wa moto wenye kukwaruza, unaolamba chumvi mkononi mwangu na mkononi mwa mvulana niliyemchukia kuliko watu wote wa Kamina. Niseme mapema kwamba kumchukia kule sijakujutia hata leo. Alistahili.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Vita vilikuwa vimeanza upya, na upande wa mashariki wa nchi ulikuwa mikononi mwa waasi. Kamina ni mji uliokua penye makutano ya reli, na treni ikikosekana hata ambaye hajawahi kuipanda anaumwa. Zamani tuliamshwa na honi ya asubuhi. Mwaka ule tuliamshwa na majogoo, na majogoo wenyewe walikuwa wakipungua. Watu waliokimbia mapigano ya kaskazini waliishi stesheni ndani ya mabehewa yasiyokwenda popote, wakaanika nguo zao milangoni. Malori ya wanajeshi yalipita kuelekea kambini, nasi watoto tulijifunza kuyatazama bila kuonekana tunatazama.

Baba yangu alikuwa na meza sokoni. Aliuza chumvi, sabuni, viberiti na vitenge vichache vilivyokunjwa vizuri hata mteja akaona haya kuvikunjua. Babu yake alikuja kutoka Kasongo, kule Maniema, akifuata biashara, akaoa, akazikwa hapa. Baba alizaliwa Kamina na mimi nikazaliwa Kamina. Lakini tulisali msikitini, mama alijitanda kichwa, na nyumbani tulisema "watoto" pale ambapo jirani walisema "batoto". Kabla ya vita hilo lilikuwa jambo la kutaniana tu. Waasi walipoichukua Maniema, ghafla tukawa watu waliotoka kule.

Baba alinipeleka shule ya Wamethodisti kwa sababu ilikuwa karibu, na kwa sababu alipenda mwandiko wa watu waliosoma pale. Katika darasa letu Mwislamu nilikuwa peke yangu. Wiki ya kwanza ya muhula, Banza akaninyooshea kidole mbele ya wote akaniita Rebeli, yaani mwasi. Banza alikuwa mtoto wa fundi wa reli, mrefu, mwenye mabega ya mtu mzima, amerudia darasa mara mbili na bado anaketi nyuma kabisa bila hofu. Jina likashika siku ileile. Kufika Ijumaa hata wale niliokuwa nikiwaazima kalamu waliniita hivyo.

Kisha ikaja habari ya chumvi. Treni hazikuleta tena mizigo, na chumvi ikawa adimu. Asubuhi moja Banza alinizuia kwenye mlango wa uwanja.

"Rebeli, chumvi iko wapi?"

"Sina."

"Baba yako iko na gunia muzima, na weye unasema hauna? Kesho uilete. Kama haulete, nitaonyesha basoda nyumba yenu. Nitabaambia: barebeli njo beko mule."

Mtoto wa leo angeweza kucheka akisikia mwenzake anatishia kuwaambia askari kwamba nyumbani kwenu mna waasi. Sisi tulimjua mtu aliyechukuliwa kutoka nyumbani kwake kwa maneno yasiyozidi hayo. Nikawa kila asubuhi ninachota konzi ya chumvi kwenye gunia la baba, naifunga kwa karatasi ya daftari, na kuipeleka. Sikulia. Siku moja nilimuuma mkono, nikaona damu, nikaridhika mpaka saa sita, lakini kesho yake chumvi niliipeleka tena.

Nilipomwambia baba kwamba shuleni wananiita Rebeli, aliangalia huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Mteja akimtukana, funika kombe. Askari akichukua sabuni bila kusema asante, funika kombe. Baba aliinama kwa wakubwa, akacheka vichekesho visivyochekesha, akasema "ndiyo, ndiyo" kabla mtu hajamaliza kuuliza. Nilimpenda, lakini ukweli ni huu: nilimwonea aibu. Nilikuwa nikiapa moyoni kwamba nikiwa mkubwa sitafunika kombe lolote, na atakayepita apite akijua nimemwona.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, behewa lililokuwa likisukumwa stesheni lilimgonga mbuzi. Mwalimu wetu, Madamu Numbi, aliishi jirani na reli. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimisha unyamaze ili uisikie. Alitoka nje akakuta watoto wakimpiga mawe yule mbuzi na kuangua kicheko kila alipojaribu kusimama. Aliwatambua. Wanne walikuwa wa darasa letu, na Banza alikuwa na jiwe kubwa kuliko wote.

Hakuwapiga. Alimbeba mbuzi mabegani kama magunia yanavyobebwa, akampeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kutibu mifugo, na mguu wa nyuma ukafungwa vijiti. Ulipona, lakini ukapinda. Kwa majuma matatu Madamu alimtafuta mwenye mbuzi. Aliuliza nyumba kwa nyumba, akatangaza kanisani, akatangaza sokoni. Hakuna aliyejitokeza. Ndipo akamleta shuleni, akamfunga kamba chini ya dirisha letu, akaingia darasani na karatasi kubwa.

"Mwenyewe hajulikane," akasema. "Kuanzia leo ile mbuzi iko yenu. Haiko yangu, haiko ya Direktere. Darasa iko na batoto makumi ine na mbili, basi mbuzi iko na benyewe makumi ine na mbili. Kila muntu akuje aandike jina yake."

Tuliandika, tukiitwa mmoja mmoja kwa mpangilio wa herufi. Karatasi ile ikabandikwa ukutani kwa ulimbo wa mpapai. Mbuzi tulimpa jina la Rapidi, kwa heshima ya treni ya haraka ambayo hatukuiona tena, na kwa kuwa alitembea polepole kuliko kiumbe chochote cha mkoa ule. Direktere, yaani mkuu wa shule, alisimama mlangoni akasoma ile orodha, akatikisa kichwa na kwenda zake. Alikuwa na mambo mengi. Shule ya upande wa pili wa mji ilikuwa imepoteza madawati yote, yalipasuliwa na wanajeshi yakawa kuni.

Kanuni za Madamu zilikuwa chache. Mbuzi hafuatwi, husubiriwa. Unaketi chini, unafungua mkono, unanyamaza. Aliyempiga mwenzake, au kumtukana, atakosa mapumziko. Ataketi na Rapidi mpaka Rapidi mwenyewe amsogelee. Wengine waliketi nusu saa, wengine siku tatu.

"Muntu anaweza kunidanganya minyi," Madamu alisema. "Akisema samahani, nitaitika. Mbuzi haisikie samahani. Inaangalia mukono."

Mimi niliposikia hayo nilifurahi kwa kiburi. Nilidhani mnyonge humtambua mnyonge mwenzake, na Rapidi atanijia mimi wa kwanza kama katika hadithi. Niliketi nikafungua mkono. Rapidi alinitazama kwa yale macho yake ya manjano, akanigeuzia makalio, akadondosha vijidonge vyake karibu na kiatu changu. Darasa zima lilicheka. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na siku ya tatu.

"Zaina," Madamu akaniambia polepole, "ile mukono yako iko na kasirani."

Ilikuwa kweli, lakini nani hangekuwa nayo? Nilimjibu kwamba hasira yangu ina sababu na sitaiacha kwa ajili ya mbuzi. Hakunikemea. Alisema hasira niichukue, ila nisiibebe kiganjani.

Katika wiki zile niliona mambo ambayo hadi leo siyaelezi vizuri. Kulikuwa na msichana aitwaye Mwadi, aliyekuja na wale wa mabehewani. Tangu afike hakuwa amefungua mdomo, na wengi tuliamini ni bubu. Wengine walimpiga vikofi vya kichwa ili alie wapate kusikia sauti yake. Mchana mmoja tulimsikia nje ya dirisha akimweleza Rapidi, kwa Kiluba, habari ya mto, na mtumbwi, na mdogo wake. Madamu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale akisahihisha madaftari, amempa mgongo. Kalamu yake haikusogea muda wote ule. Baada ya siku ile hakuna aliyempiga Mwadi kofi tena, na hatukuhubiriwa.

Lakini mtu wa kwanza ambaye Rapidi alimkimbilia, akachechemea mbio mpaka kamba ikamkaba, alikuwa Banza.

Mwanzoni mbuzi alimwogopa Banza kuliko wote. Alipomwona tu alijibana ukutani, akatetemeka mwili mzima, na kila mtu alijua kwa nini. Banza alikuwa akigeuza uso. Kisha siku moja alichuchumaa, akafungua mkono, na mbuzi akaja akaulamba kidole kwa kidole, akirudia, akifumba macho. Darasa likaguna kwa mshangao. Banza akavimba kama andazi. Na mimi, niliyekuwa karibu, nikaona punje nyeupe kati ya vidole vyake.

Nilisimama. "Ile ni chumvi yetu," nikasema. "Ananinyang'anya kila asubuhi. Amesema nisipoleta atawaonyesha askari nyumba yetu."

Nilingoja Banza apigwe. Nilitaka apigwe kwa fimbo ya Direktere, mbele ya shule nzima, na nilitaka niwe mstari wa mbele. Madamu alimuuliza kama ni kweli. Banza alitazama chini.

"Iko kweli, Madamu. Ilikuwa inanikimbia. Bote ilikuwa inabafwata, minyi inanikimbia."

"Na chumvi ya wizi imekusaidia?"

Banza akajifuta vidole kwenye kaptula.

"Mbuzi haijue inalamba chumvi ya nani," Madamu akasema. "Weye unajua. Kuanzia leo, Zaina akipenda kuleta chumvi, ataleta. Asipopenda, hakuna muntu atamuuliza. Na ile neno ya basoda, Banza, isitoke tena mu kinywa yako. Ile haiko muchezo. Ile inaua bantu."

Basi. Hakuna fimbo. Nilirudi nyumbani nikiwaka. Kwa siku nane sikuleta hata punje, na kila asubuhi nilipita mlangoni nikimtazama Banza usoni ili aone mikono yangu mitupu. Rapidi alikuja kunusa vidole vya Banza, akakuta havina kitu, akaenda. Siku ya tisa Banza alinijia mwenyewe. Alisimama mbali kidogo.

"Chumvi iko?" akauliza.

Haikuwa "leta". Niliona swali lile lilivyomkwama kooni, nikalifurahia, nikalifurahia sana, nikamwacha akwame kidogo zaidi. Kesho yake nilimwomba baba chumvi, kwa mdomo wangu, na baba akanipa bila kuuliza. Tuliketi chini mimi na Banza, bega kwa bega lakini hatugusani. Chumvi iligawanywa, nusu kwangu nusu kwake. Rapidi alisita, kisha akaulamba mkono wake, akaulamba wangu, akarudi kwake. Mate yake yakachanganyika mikononi mwetu. Hapo ndipo kiganja changu kilipojifunza kuwasha.

Msidhani tulikuwa marafiki. Aliacha kuniita Rebeli, na wengine waliponiita hivyo aliwakazia macho mpaka wakaacha, lakini jina langu hakulitamka hata mara moja. Nilikuwa "weye". Hilo lilinitosha.

Miezi ikapita. Kipwa, yaani kiangazi cha kwetu, kikaingia na baridi yake na vumbi jekundu, na siku ya kutangaza matokeo ya mwaka ikakaribia. Direktere aliamua kumwalika kamanda wa kambi na kumwandalia chakula. Alitaka kumshukuru mapema, ili madawati yetu yasiwe kuni. Leo nikiwa mtu mzima namwelewa. Alikuwa na madawati ya kuokoa na hana kitu cha kumpa mkubwa, na chini ya dirisha la darasa la nne palikuwa na mbuzi aliyenona.

Madamu Numbi alikwenda ofisini kwake, akakaa humo, akatoka macho mekundu. Tulisikia sehemu ya mwisho mlango ulipofunguliwa. Direktere alikuwa akisema kwamba mnyama anayelala kwenye uwanja wa shule ni wa shule, na kwamba mwalimu asiyeelewa hilo anaweza kutafuta uwanja mwingine.

Sasa lazima niwaambie desturi yetu. Kamina, mnyama wa sherehe yenye watu mchanganyiko hakuchinjwa na mtu yeyote tu. Awe bwana harusi Mmethodisti, awe Mkatoliki anayebatiza mtoto, alituma mtu amwite Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote atakayeketi ale bila kuuliza. Kuacha kufanya hivyo ilikuwa kumtukana jirani. Na upande wetu wa mji, mchinjaji aliyeitwa mara nyingi alikuwa baba yangu. Alikuwa na kisu kimoja kirefu, alichokinoa nyumbani, kamwe si mbele ya mnyama. Ujira wake ulikuwa kichwa, kwa hiyo utoto wangu nimekula vichwa vya mbuzi wa makanisa yote.

Asubuhi ya matokeo tulipanga mstari uwanjani na sare zetu zilizofuliwa. Wazazi walikuwa wameanza kufika, na miongoni mwao wafanyabiashara wa msikitini kwetu wawili watatu waliotoa mchele na sukari. Kamanda alikuwa hajafika, ila askari wake wawili waliketi kwenye ukuta wa jiko wakingoja. Ndipo nikamwona baba akiingia getini na kisu chake ndani ya kitambaa.

Sijui niwaeleze vipi. Alikuja akiinama, akisalimia kila mtu, akicheka. Hakujua ni mbuzi yupi. Alipouona uso wangu akajua.

Niliondoka mstarini. Nilikwenda nikasimama mbele ya Rapidi, nikashika kamba kwa mikono miwili. Sikuwa nimepanga. Nilisema, "Baba, huyu huchinji." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na wazazi wakageuka.

"Toka hapo, mutoto," Direktere akasema. "Baba Zaina, fanya kazi. Bageni beko njiani."

Baba alilowesha midomo. Kisha akauliza swali lake. Mjue kwamba swali lile alikuwa akiliuliza kila mara kabla ya kuchinja, na kila mara kulikuwa na mtu wa kujibu "ni mimi, chinja", maana nyama ya mnyama aliyechukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe kwetu si halali. Lilikuwa jambo la desturi tu, kama kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Mwenye mbuzi ni nani, na amekubali?"

"Ya shule," akasema Direktere.

"Iko ya batoto," akasema Madamu Numbi. Alikuwa ameingia darasani na kutoka na ile karatasi, na pembe zake nne zilikuwa zimechanika ukutani. Alimpa baba. "Benyewe njo aba."

Baba aliisoma yote. Alisoma polepole kwa sababu alipenda mwandiko, na wetu ulikuwa mbaya. Nilikuwa na hakika atakunja karatasi, atacheka kidogo, atafunika kombe. Mmoja wa wale askari alikuwa ameshuka ukutani.

"Bwana Direktere," baba akasema, akitazama viatu vyake, "mimi ni mtu mdogo. Lakini siwezi kulitaja jina la Mungu juu ya mnyama ambaye wenyewe hawajakubali. Nyama itakuwa haramu, na wazee wangu hawa hawataigusa, na wewe utakuwa umewaaibisha. Niruhusu niwaulize."

"Uulize batoto?"

"Ndio walioandikwa."

Akageukia mstari. Aliyekuwa wa kwanza kwenye karatasi, kwa herufi, alikuwa Banza.

Baba yake Banza alikuwa hajapanda treni wala kulipwa tangu vita vianze, na kwao walikuwa wakila mara moja kwa siku, sombe, yaani majani ya muhogo, bila samaki. Jana yake nilimsikia akisema hajaonja nyama tangu Krismasi. Ile mikono yake ilikuwa imekonda. Alimtazama Direktere, akamtazama askari, akamtazama mbuzi.

"Minyi shitaki," akasema, yaani mimi sitaki. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayelipa kitu: "Ile mbuzi iko yangu na Zaina. Iko yetu bote. Shitaki."

Baba akasoma jina la pili. "Shitaki." La tatu. Wengine walilia wakisema, wengine walisema haraka kama wanaitikia mahudhurio. Mwadi alisema kwa Kiluba, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza shule nzima kuisikia sauti yake. Jina langu lilikuwa la mwisho kabisa. Nikasema, "Sitaki," kwa Kiswahili cha kwetu, na hakuna aliyecheka.

Baba akaikunja karatasi, akamrudishia Madamu kwa mikono miwili. Kisu hakikuwa kimetoka kitambaani. "Basi mimi sina kazi hapa," akasema.

Kamanda alifika baadaye, akala bukari, ugali wetu, na maharage na samaki wakavu. Kama aliuliza nyama, sisi hatukusikia. Madawati yalibaki. Madamu Numbi alihamishiwa darasa la kwanza mwaka uliofuata, na yeye akamhamisha Rapidi uani kwake. Mbuzi yule aliishi miaka mingine mitatu, akafa kwa kikohozi, nasi tukamzika. Tulimzika mzima, na ngozi yake, katika mji wenye njaa. Banza alichimba shimo. Watu waliopita walituita wendawazimu, na Banza akawajibu kwamba mbuzi ana wenyewe.

Siku hizi watu huja na semina kuhusu watoto wanaoonea wenzao, na wakisikia habari ya Rapidi hutaka niseme kwamba mbuzi alitufanya wema. Siwapi sentensi hiyo. Mbuzi hakumfanya mtu mwema. Alikuwa anaangalia mikono tu, na sisi tulichoka kuonekana tulivyo. Msamaha sikumpa Banza wala hakuniomba. Tulichokuwa nacho ni jina moja moja kwenye karatasi, na siku ilipofika, kila mmoja alilisimamia lake.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki nikijiweka mimi katikati, mtoto wa miaka kumi na kamba mkononi. Baba nilimtaja kwa kupita. Aliuliza swali lake la kila siku, nilisema, na bahati ikawa upande wetu. Nilikumbuka kwamba tulirudi nyumbani pamoja, amenishika bega, mkono wake mzito na umelowa jasho ingawa ilikuwa kipwa. Nilidhani amechoka. Nilikumbuka pia kwamba mchana ule aliutoa mfuko wake wa safari ukutani, akatia mashati mawili, kofia, kipande cha sabuni, akauweka nyuma ya mlango.

"Unasafiri, baba?" nilimuuliza.

"Huenda."

"Ukienda Bukama uniletee samaki wakavu."

"Nitakuletea," akasema.

Mfuko ulikaa nyuma ya mlango siku nane, kisha ukarudi kwenye msumari wake. Samaki hawakuja, nami nilinuna, nikamwambia mama kwamba baba ni mtu wa maneno tu.

Mama alinieleza mwaka tuliomzika baba. Tulikuwa tunagawa nguo zake, nikaushika ule mfuko, nikacheka habari ya samaki. Mama hakucheka. "Hakuwa anakwenda Bukama, mwanangu," akasema. "Alikuwa anawangoja. Mtu wa Maniema amewanyima askari nyama mbele ya mji mzima, wakati ule. Hakutaka waje wamkute anatafuta shati."

Mimi nilisimama mbele ya mbuzi kwa sababu sikujua cha kuogopa. Baba alikijua chote, akauliza swali lake, kisha akaniahidi samaki.